Kupima uwanda: namna ya kujua kwa nini ardhi imebaki nyasi na vichaka

Ukielekea mashariki na kusini ya Unguja, minazi, mikarafuu na miembe mikubwa hupungua, na mahali pake huingia nyasi, vichaka vya mdaa na mkwamba, na mbuyu mmoja mmoja. Aliyesoma jiografia ya sekondari atasema hiyo ni savana, na kwamba savana huletwa na uchache wa mvua. La kwanza halina ubaya. La pili ndilo linalopoteza watu.

Barani Afrika, mvua ndiyo inayoizuia miti hasa pale inapopungua chini ya takriban milimita 650 kwa mwaka. Ikizidi hapo, maji yanatosha kufunga msitu, na kama msitu haukufunga basi kuna kitu kingine kinachouzuia. Unguja hupata takriban milimita 1,600 upande wa magharibi. Mashariki hupata pungufu ya hapo, lakini bado ni juu sana ya 650. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kipande fulani cha uwanda kiko wazi aanze na kina cha udongo, afuatishe moto, kisha panga na shoka, kisha mifugo. Mvua aiweke mwisho. Mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu huo, na unafaa kwa mwalimu mwenye darasa, kwa kamati ya shehia inayosimamia msitu wake, na kwa mwanafunzi mwenye mradi. Watu watatu wanatosha: mmoja wa kupima, mmoja wa kuandika, mmoja wa kushika kamba.

Kabla ya kutoka

Mwoneni sheha kwanza. Uwanda unaonekana mtupu lakini hauko mtupu: kuna makonde yaliyolazwa, kuna wakata kuni wenye sehemu zao, na kuna mapango ambayo watu huyatumia kwa mizimu na hayaingiwi bila kuulizia. Ndani ya hifadhi, kama Jozani na Ghuba ya Chwaka au Kiwengwa, ruhusa ya sheha haitoshi; pitieni idara ya misitu.

Nendeni mara mbili kwa mwaka. Safari ya kwanza iwe Juni, masika yakishamaliza, kwa sababu nyasi zinakuwa na mashuke na bila shuke ni vigumu kuzitambua. Ya pili iwe Februari au Septemba, wakati nyasi zimekauka na alama za moto ziko wazi. Atakayekwenda Juni peke yake ataandika kwamba ardhi ni ya kijani na yenye rutuba. Atakayekwenda Februari peke yake ataandika jangwa.

Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli ngumu. Makubazi na ndala hazifai, kwani mwamba wa matumbawe una ncha kama wembe, na majani makavu hufunika mashimo yanayoweza kumeza mguu hadi gotini. Kiangazi jihadharini na upupu: maganda yake yakikauka, vinyweleo vyake hupeperuka kwa kuguswa tu.

Kuweka mstari

Mstari wa mita 50 ndio msingi wa kazi yote. Tumieni futi kamba ya fundi ya mita 50. Kamba ya usumba hurefuka na kufupika kwa unyevu, na ya nailoni huvutika mkiikaza, mkajikuta na mita 52 mnazoziita 50.

Msianzie njiani. Kando ya njia ndipo panapokatwa kuni, panapopita ng'ombe na panapotupwa taka, kwa hiyo ingieni ndani angalau mita 20 ndipo mpige alama ya mwanzo. Uelekeo uamueni kabla ya kuona kilicho mbele, kwa dira ya simu. Kwa Unguja inafaa mstari uende mashariki na magharibi, kwa sababu ndivyo ardhi yenyewe inavyobadilika, kutoka udongo mwingi wa magharibi hadi mwamba wa mashariki. Mkikutana na kichaka kizito msikizunguke. Mstari unaokwepa vichaka utasema hakuna vichaka.

Mwanzo na mwisho wa mstari tieni alama ya jiwe lililopakwa rangi ya mafuta. Kijiti kitaondoka na mtu wa kuni kabla ya mwezi kwisha. Namba za mahali kutoka kwenye simu ziandikeni pia, ila mjue zinaweza kukosea mita 5 hadi 10, na jiwe ndilo litakalowarudisha palepale.

Wekeni mistari isiyopungua mitatu kwa kila aina ya ardhi. Watu wa visiwani wana majina yao ya ardhi na yanafanya kazi nzuri kuliko ramani nyingi: *kinongo* ni udongo mwekundu wenye kina, *kichanga* ni mchanga, *kinamo* ni ule mzito unaoshika maji, *maweni* ni mwamba uliojitokeza wenye udongo mashimoni tu, na *uwanda* ni bapa lenye udongo mchache uliotandaa juu ya mwamba. Mwulizeni mwenyeji mahali mlipo panaitwaje, muandike, kisha mpime. Pemba, kazi hii ina maana zaidi upande wa Micheweni kuliko kwenye vilima vya mikarafuu.

Nondo: kipimo kinachojibu nusu ya swali

Chukueni nondo ya milimita 10, urefu mita 1, ncha moja ichongwe kwa grainda. Pigeni alama ya rangi kila sentimita 5 kuanzia nchani. Kila baada ya mita 2 kwenye mstari, ichomekeni wima mara tatu, kila tundu likiwa mbali na jingine kwa sentimita 30. Mtapata sehemu 25 na vipimo 75 kwa mstari mmoja.

Sukumeni kwa uzito wa mwili, kisha gongeni kwa nyundo mara mbili tatu. Hapo sikilizeni. Ncha ikigonga mwamba hutoa mlio mkali, nondo hurudisha mtikisiko kwenye kiganja na haishuki tena. Ikigonga mzizi, mlio ni mzito na nondo hurudi juu kidogo kama inayosukumwa. Ikigonga jiwe lililolegea, hucheza pembeni. Mzizi na jiwe si mwisho wa udongo, kwa hiyo sogezeni sentimita 10 mrudie. Kosa la kawaida hapa ni kuandika kila kizuizi kuwa mwamba, na matokeo yake kinongo kizuri chenye mawe kinaonekana kama uwanda.

Andikeni vipimo vyote vitatu, kisha tumieni cha kati. Msichukue wastani, hasa maweni. Kule nondo inaweza kuzama sentimita 40 ndani ya shimo moja na kugota sifuri shibiri moja pembeni, na wastani wa 20 utakuwa kipimo cha mahali pasipokuwepo. Kwa maweni hesabuni sehemu ngapi kati ya 25 zina zaidi ya sentimita 15. Mti wa maweni unaishi kwenye shimo lake, na idadi ya mashimo ndiyo inayoweka kiwango cha miti. Uwanda ni kinyume chake: vipimo hukaribiana, tuseme 6, 8, 5, 9, na hapo nyasi zina nafasi kuliko mti, kwani mizizi yao ni ya juujuu na hunyonya mvua kabla haijapotea.

Nayo hupotea haraka. Mwamba wa matumbawe una nyufa na mapango. Maji ya masika hushuka chini badala ya kusimama, na udongo wa sentimita 8 hauna pa kuyaweka. Ndiyo maana kichaka cha uwanda huweza kuonja ukame siku chache tu baada ya mvua kubwa. Kinamo huzuia miti kwa njia nyingine kabisa: masika hujaa maji mizizi ikakosa hewa, kiangazi hupasuka ikaikata mizizi. Ndilo jambo linalotokea kwenye mbuga za udongo mweusi za bara.

Kwa anayetaka kulinganisha na savana inayojulikana dunia nzima, tambarare za nyasi fupi za kusini-mashariki ya Serengeti zina kisa kinachofanana na cha uwanda. Majivu ya volkano yaliyoanguka kule yametengeneza tabaka gumu la chokaa chini ya udongo, mizizi ya miti haipenyi, na nyasi zimebaki peke yake. Kule chokaa imetoka kwenye majivu, kwetu imetoka baharini.

Mkiwa na shaka kama kitu kigumu mlichokigota ni chokaa, chimbueni kipande, kisageni, mkamulie ndimu au kumiminia siki. Kikichemka na kutoa povu ni matumbawe. Kisipochemka ni jiwe la aina nyingine au udongo ulioshikana.

Fremu ya nyasi

Tengenezeni fremu ya mita 1 kwa mita 1, kipimo cha ndani, kwa bomba la plastiki la nusu inchi na elbo nne. Msiigundishe kwa gamu, muweze kuifungua upande mmoja na kuipitisha chini ya kichaka. Toboeni kila sentimita 10 na mfunge uzi pande zote mbili, mpate vyumba 100. Kila chumba ni asilimia 1.

Ilazeni kila mita 10, kulia kwa mstari, na mtembee kushoto peke yake. Mkikanyaga upande mnaopima mtapima nyayo zenu. Simameni juu ya fremu na mtazame chini moja kwa moja, mkihesabu vyumba vilivyojaa nyasi, vyumba vya mwamba, vya udongo mtupu na vya majani makavu. Ukitazama kwa kuinama pembeni, mashina yanajificha nyuma ya mengine na nyasi zinaonekana nyingi kuliko zilivyo. Fremu tatu za kwanza wahesabu watu wawili, kila mtu kivyake. Wakitofautiana kwa zaidi ya vyumba 10 wakubaliane kwanza nini kiitwe "kimejaa".

Kisha kateni nyasi zote ndani ya fremu kwa mundu, usawa wa ardhi, mpime uzito papo hapo. Toeni gramu 200 mzianike juani kwenye gunia, mzigeuze, mpaka uzito usibadilike kwa siku mbili mfululizo. Tuseme fremu imetoa gramu 640 mbichi, na zile 200 zimekauka zikawa 70. Hiyo ni asilimia 35, kwa hiyo fremu ina gramu 224 kavu. Zidisheni kwa 10 mpate kilo kwa hekta: 2,240. Msianike juu ya bati la jikoni wala karibu na kuku.

Namba hiyo ina kazi. Moto wa nyasi hausambai vizuri nyasi kavu zikiwa chini ya takriban tani 2 kwa hekta. Chini ya hapo unakatika wenyewe kwenye kila kipande cha mwamba. Mkipata kilo 900 halafu mtu akasema eneo huchomwa kila mwaka, muulizeni anachoma nini.

Miti na vichaka

Kwa kivuli, tembeeni juu ya futi kamba na muandike kila mahali tawi linapoanza na kuishia juu yake. Mfano: mita 3.2, 1.5, 4.1 na 2.7. Jumla ni 11.5 kati ya 50, yaani asilimia 23. Matawi yakipandana hesabuni mara moja tu. Nyasi nyingi za savana zinahitaji jua kali na hufa chini ya kivuli. Kivuli kikizidi takriban asilimia 40, nyasi hupungua hadi moto ukakosa njia, na kuanzia hapo kichaka hujilinda chenyewe. Kwa hiyo asilimia 23 na asilimia 45 ni hali mbili tofauti, hata kama kwa macho zinakaribiana.

Kwa idadi, chagueni sehemu tatu kwenye mstari (mita 10, 25 na 40), simikeni kijiti na mzungushe kamba ya mita 5.64. Duara hilo ni mita za mraba 100. Ndani yake hesabuni mashina kwa kimo: chini ya nusu mita, nusu hadi mita 1, mita 1 hadi 3, zaidi ya 3. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu vichaka vingi vya maweni na uwanda ni machipukizi ya kisiki kimoja. Mkwamba mmoja unaweza kuwa na mashina 12. Andikeni namba mbili, visiki na mashina, la sivyo kisiki kimoja kitageuka kuwa kichaka cha miti 12. Unene upimeni sentimita 30 juu ya ardhi, kwa sababu ile desturi ya kupima mita 1.3 haina maana kwa kichaka cha mita 2.

Mibuyu msiiingize kwenye hesabu ya duara. Mmoja tu utavuruga kila wastani. Iandikeni pembeni, pamoja na mikwaju mikubwa. Yote ni miti ya faida ambayo watu huiacha wanapofyeka, kwa hiyo kuwepo kwake hakusemi mengi juu ya udongo.

Moto au panga?

Kichaka kifupi chenye machipukizi mengi kinaweza kuwa kimekatwa au kimeungua, na tiba ya kila kimoja ni tofauti. Piga magoti utazame kisiki. Panga huacha uso laini ulioinama, mara nyingi na ngazi ndogo pale pigo la pili lilipoingia. Moto huacha kijiti kilichochongoka, cheusi nchani, gome likiwa limepasuka na kubanduka. Visiki vingi vina vyote viwili, kwani konde la maweni hufyekwa kwanza, matawi yakarundikwa, ndipo yakachomwa. Rundo huacha duara la majivu na mawe yaliyopasuka, wakati moto wa nyasi hupita haraka na kuacha weusi mwembamba kila mahali.

Kwa miti iliyosimama, tazameni upande uliobabuka. Moto unaosukumwa na upepo hujikunja nyuma ya shina, na kovu hupanda juu zaidi upande ambao upepo unakwenda. Uwanda ni bapa, mteremko hauchanganyi mambo, kwa hiyo kovu linaweza kukuambia msimu. Makovu marefu upande wa kaskazini yanaelekeza kwenye moto wa kusi, wakati wa kiangazi cha katikati ya mwaka na maandalizi ya vuli. Makovu marefu upande wa kusini ni moto wa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, kabla ya masika. Pimeni mashina yasiyopungua 10. Shina moja lililoegemewa na rundo la kuni lisiwadanganye.

Soma pia zile hesabu za kimo. Mashina mengi chini ya mita 1, karibu hakuna kati ya 1 na 3, halafu machache marefu ya zamani: huo ni mtego wa moto au wa panga. Kila kinachoinuka kinarudishwa chini kabla hakijavuka kimo cha miali au kabla hakijawa kuni. Mkiona kimo chote kimebana chini ya mita 2, hakuna visiki vya zamani na nondo inasoma sentimita 6, basi mwamba ndio uliosema.

Mahali penye tanuu la chokaa la zamani pafahamike kwa duara jeupe na vipande vya chokaa. Msiweke fremu hapo.

Mifugo

Hesabuni vinyesi ndani ya mita 1 kila upande wa mstari, ng'ombe na mbuzi mbali mbali, vibichi na vikavu mbali mbali. Visiwani hatuna wanyama wakubwa wa porini wanaokula nyasi. Paa nunga, anayeishi kwenye vichaka vya matumbawe, hula majani na matunda yaliyoanguka, si nyasi. Kwa hiyo nyasi inaliwa na ng'ombe au inaungua. Serengeti ilionyesha jambo hili kwa ukubwa: sotoka, ugonjwa wa ng'ombe unaoua nyumbu pia, ilipodhibitiwa, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja, wakala nyasi zilizokuwa zikiungua, moto ukapungua, na miti ikaongezeka. Ng'ombe wa kufungwa kamba hawafanyi hivyo, ila kwenye duara lao, na duara hilo mtaliona.

Mvua, sasa

Kipima mvua cha nyumbani: faneli ya kipenyo cha sentimita 10 juu ya chupa. Eneo lake ni sentimita za mraba 78.5, kwa hiyo milimita 1 ya mvua ni mililita 7.85. Kiwekeni mbali na mti kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, mdomo uwe angalau sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yasiruke ndani. Tone la mafuta ya kupikia ndani ya chupa huzuia maji yasikauke. Someni kila siku saa 3 asubuhi, hata kama hakukunyesha, na sifuri iandikwe sifuri. Nafasi tupu kwenye daftari haina maana yoyote.

Mkipata mwaka mzima, fanyeni hesabu ya Köppen, mfumo wa kuzipa tabianchi majina kwa joto na mvua. Kwanza, kila mwezi uwe na wastani wa joto usiopungua nyuzi 18, sharti ambalo kwetu halina shida. Pili, mwezi mkavu kuliko yote uwe chini ya milimita 60. Tatu, gawanyeni mvua ya mwaka kwa 25, mtoe jibu kwenye 100. Mwaka wa milimita 1,500 unatoa 40. Mwezi mkavu ukiwa na 30, mko chini ya 40, tabianchi ni ya savana. Ukiwa na 50, ni ya monsuni. Tofauti ya milimita 20 ndani ya mwezi mmoja inabadilisha jina, na visiwa vyetu viko karibu na mpaka huo. Ndiyo maana jina hilo lisibebeshwe mzigo wa kueleza kwa nini uwanda uko wazi.

Kama bado hamjaridhika: zungushieni ua

Vipimo vikigongana, tuseme udongo una sentimita 25, kivuli asilimia 15 na visiki vimejaa panga, kilichobaki ni kuondoa sababu moja moja. Zungushieni vipande viwili vya mita 10 kwa 10, na mwache kingine cha tatu wazi. Pembe mraba ipateni kwa kamba ya 3, 4 na 5. Kimoja zuieni mifugo tu; cha pili zuieni mifugo na ukataji, kwa makubaliano mbele ya sheha, na mfyeke njia ya moto ya mita 3 kukizunguka. Kwa nguzo tumieni vijiti vya mbono vilivyochomekwa mwanzoni mwa masika. Vitashika mizizi na kuwa ua hai, navyo havina thamani ya kuni, kwa hiyo vitabaki. Waya wa seng'enge hauzidi msimu.

Pimeni kimo cha mashina yaleyale kila Juni, yakiwa na vibati vya namba. Machipukizi ya kisiki kilichopona yanaweza kuonyesha tofauti mwaka wa kwanza. Mche uliotokana na mbegu subirini masika matatu. Kipande kisichokatwa kikipanda na kingine kikabaki, mnajua mzungumze na nani. Vyote vikibaki palepale, rudini na nondo.